Herufi Kumi na Sita

Mimi huandika kuta.
Herufi moja shilingi elfu moja, namba ya simu bure
kwa mteja anayejua kusalimia.

Kazi yangu kubwa hapa Mtwara ni sentensi mbili:
NYUMBA HII HAIUZWI.
NYUMBA HII INAUZWA.
Hesabu mwenyewe: kumi na sita, kumi na sita.
Kukataa na kukubali bei ni moja.
Na ukitaka ya kwanza igeuke ya pili
nafuta herufi nne tu;
U, Z na W zinabaki palepale katikati
kama visiki shamba linapopata mmiliki mpya.

Mwaka ule wa gesi niliandika HAIUZWI mpaka brashi ikanyonyoka,
Chikongola, Magomeni, Chuno, hadi njia ya Mangamba.
Ndugu walikuwa wakiuza kitanda cha baba, na baba kakilalia.
Mtu anakwenda Newala kuzika, siku tatu,
akirudi anamkuta mgeni na tepu anapima uwani kwake.
Shangani vyumba vilianza kusema dola.
Chumba changu cha elfu ishirini na tano
kililala hivyo, kikaamka elfu themanini,
dari ileile, popo walewale,
kodi ya mwaka mzima mkononi, "maana wapo wanaokitaka."
Wapo.
Hatukuwahi kuwaona,
waling'aa midomoni mwa madalali kama jino la dhahabu.

Mzee Nambunga aliuza mikorosho sabini
akajenga vyumba sita, kila kimoja na choo chake,
vigae mpaka jikoni.
Akanituma INAPANGISHWA, kwa bluu,
"wageni wanapenda bluu."
Wageni wakakunja mizigo yao.
Bluu imekuwa kijivu, bei haijashuka hata thumni.
Kila Ijumaa anafagia vyumba vyote sita
kisha analala banda la uani, chini ya bati,
asije akachafua vigae.
Nyumba ya pili, Fatu Chilemba na wanawe watano
wamekigawa chumba kimoja kwa pazia.
Wanasalimiana na mzee kila asubuhi. Hujambo, sijambo.

(Ile X nyekundu si kazi yangu.
Ile ni ya serikali, haihesabiwi kwa herufi.)

Jumanne moja Bi Somoe, mwenye nyumba wangu,
akanisimamisha na kikopo cha rangi.
"Fundi, wanangu wa Dar wamekaa kikao kwenye simu."
Akakunjakunja pindo la kanga.
"Utanipunguzia kidogo, si unakaa humuhumu?"

Nikapanda juu ya ndoo.
Ukutani palikuwa na HAIUZWI, mkono wangu mwenyewe,
ya mwaka wa gesi.
Nikafuta nne.
Huko uani mke wangu aliacha kufua.
Sijawahi kuandika vizuri vile:
N imenyooka, A mbili zimesimama kama paa.
Kisha namba ya simu, polepole,
mpaka tarakimu ya mwisho, tatu.
Tatu ni nane iliyoacha mlango wazi.
Nikaufunga.

Huu mwezi wa tano.
Bi Somoe anashangaa, mji umeishiwa watu wa fedha?
Mimi natazama chini, nasema hali ngumu, mama.

Usiku mmoja nikaazima simu ya jirani, nikaipiga ile namba.
Akapokea mwanamke, kwa sauti yake yuko Mangaka huko,
nyuma yake mtoto anakohoa.
"Kama ni ile nyumba ya Mtwara, kaka,
nimechoka kuwaambia watu si yangu.
Sasa nawatajia milioni mia mbili, wanakata wenyewe."
Nikataka kukata na mimi.
"Lakini wewe umeiona?" akauliza.
"Ina vyumba vingapi?"
Vinne, nikasema.
"Na umeme?"
Upo.
Akanyamaza.
Nikamsikia akiviingia, kimoja kimoja.